PILIPILI HOHO GANI TUPANDE KATIKA PARSELI?



Kapita wa wanafunzi akiandika katika gazeti hili, watu wanangoja habari ya wanaochelewa mustari na wanaopiga kelele katika kalasi. Leo hapana. Leo nataka kuwapa somo la bustani, sababu somo hili nimelilipa bei. Ni juu ya pilipili hoho, lile tunda kubwa lisilounguza ambalo sokoni tunaliita tu poivron. Ulizo letu ni moja: aina ziko mingi, mtu wa Kisangani achague gani?

1. KOSA LANGU

Nilitaka kumsaidia mama kupata sehemu ya minervali ya mdogo wangu. Nikanunua pakiti ya mbegu yenye picha nzuri: poivron nyekundu, nene, kubwa kama ngumi mbili. Maandiko sikusoma. Picha ilinitosha. Nikapanda miche 20 nyuma ya nyumba, kando ya ukuta wa mabati. Majani yakatoka mazuri kabisa. Maua yakaja pia, lakini kila asubuhi niliyakuta chini. Matunda machache yaliyobaki yakaozeshwa na mvua mbele ya kugeuka mekundu. Nilichuma 7 tu yaliyo mazima.

Moja nikaliacha kwa mbegu. Hatua tatu kutoka pale mama alikuwa na miti miwili ya pilipili kali, ile ndefu nyembamba. Sikufikiri kitu. Zamu ya pili mbegu zangu zikazaa vizuri, ingawa matunda yalikuwa membamba kuliko mama yao. Nikafurahi, nikamuuzishia mama mmoja jirani, nikamwambia: "Mama, hii ni poivron, haiunguze."

Jioni akarudi na sahani mkononi. "Mutoto yangu, ulisema haiunguze. Sasa kuja uone namna mutoto wangu analia. Juu ya nini umenidanganya?"

Sikukusudia kumdanganya. Lakini mtoto alikuwa analia, na neno langu lilikuwa limekwisha kuwa uongo. Nikamrudishia franka zake na kuomba radhi. Tangu siku ile alinunua mboga kwa watu wengine, na mama yangu akapata haya juu yangu. Ndipo nikaenda kwa mwalimu wetu wa biolojia nikamuuliza: nilikosa wapi? Akanijibu: "Ulikosa mara mbili. Kwanza ulichagua picha, hukuchagua aina. Pili, ulitunza mbegu pasipo kujua baba yake." Maneno hayo mawili ndiyo somo lote la leo.

2. UKOO WA PILIPILI

Pilipili zote, kali na tamu, zilitoka Amerika. Mbele ya safari ya Kolombo ya mwaka 1492, hapakuwa na mtu wa Afrika, Ulaya wala Asia aliyezijua. Wareno na Waspania walizisambaza, na leo tunazikumbatia kama zilizaliwa hapa kwetu.

Hata jina linachanganya. Katika kamusi za zamani "pilipili hoho" ilikuwa pilipili kali nyekundu. Leo Tanzania na Kenya watu wengi wakisema hoho wanataka kusema ile isiyounguza. Kwa hiyo ukienda kununua mbegu, usiishie katika jina. Uliza: inaunguza ao haiunguze?

Poivron na pilipili ndefu nyembamba ni za jamaa moja, kwa Kilatini Capsicum annuum. Kinachounguza kinaitwa kapsaisini, nacho hukaa zaidi katika ile nyama nyeupe inayoshika mbegu. Poivron haina kapsaisini, sababu jeni moja inayoitengeneza imekufa ndani yake.

Wa biolojia, mkumbuke njegere za Mendel (1866). Ukali unashinda utamu. Unga wa ua kali ukibebwa na nyuki mpaka katika ua la poivron, tunda linalozaliwa pale halitaunguza, sababu nyama yake ni ya mama. Utalila, utasema ni zuri. Lakini mbegu zilizo ndani zimekwisha kupokea urithi wa baba. Ukizipanda, miti yake itazaa matunda makali. Uongo wangu kwa yule mama ulianza pale, katika ua, miezi mingi mbele, na sikuuona.

3. HEWA YETU

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, kwa nusu digri tu upande wa kaskazini, na kimo chake ni kama metre 400 tu juu ya bahari. Mvua inanyesha miezi yote. Inapungua kidogo kuanzia Desemba mpaka Februari. Mchana joto hufika 30 mara kwa mara.

Poivron inapenda joto la 18 mpaka 27. Mchana ukipita 32, ao usiku ukipita 24, maua yanaanza kuanguka. Basi sisi tuko mpakani: siku nyingine inafaa, siku nyingine hapana. Na kando ya ukuta wa mabati, fasi nilipopanda mimi, joto linazidi tena. Wenzetu wa Butembo, juu milimani, wana hewa ya baridi. Kitu kinachofaulu kwao kisiwe sheria kwetu.

Tena jueni hili: aina yenye matunda makubwa na manene ndiyo inayoangusha maua upesi katika joto. Aina yenye matunda madogo ao marefu yenye nyama nyembamba inavumilia zaidi, na matunda yake yanakomaa mbele, hayakai siku mingi yakingoja kuoza.

4. AINA ZA KULINGANISHA

a) California Wonder. Ni ya Marekani, ilitoka mwaka 1928. Tunda ni la pembe nne, nene, kijani halafu nyekundu. Ni aina ya picha nzuri. Katika hewa yetu inadai kivuli kidogo, maji ya kulingana na uangalizi wa kila siku. Asiyekuwa na bustani mbele asianze nayo.

b) Yolo Wonder. Ni ndugu yake California Wonder. (Yolo hii si ile kartie ya Kinshasa, musicheke, ni jimbo dogo la California.) Umbo ni lile lile, lakini inavumilia virusi vya mozaiki ya tumbako, ugonjwa ambao hata mikono ya mvuta sigara inaweza kuupeleka katika miche. Mbegu yake si haba Afrika, na unaweza kuitunza mwenyewe.

c) Aina ndefu, kama Doux Long des Landes ya Ufaransa ao Corno di Toro ya Italia. Tunda ni refu kama pembe, nyama si nene sana. Wengi wataidhania kuwa kali, basi mwuzishaji aeleze. Kwa parseli yenye joto, aina ya namna hii ndiyo ningeanza nayo.

d) Mahuluti, yaani pakiti zenye alama F1. Mengine yametengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, na yanazaa sana. Lakini bei iko juu, na mbegu utakazotoa ndani hazitafanana na mama. Kila zamu utanunua tena. Mwenye feza anaweza. Mwenye kutunza mbegu afikiri mara mbili.

Basi usichague moja kwa kuota ndoto. Chukua aina mbili ao tatu, miche 6 kila moja, fasi moja, udongo mmoja, siku moja. Andika katika kaye: maua yalianza lini, matunda mazima mangapi, yaliyooza mangapi. Mwisho wa zamu kaye yako itakuambia kweli kuliko picha ya pakiti, na kuliko makala hii yangu.

5. KUSOMA PAKITI

Mbele ya kulipa, tafuta vitu vinne: (1) jina la aina, (2) alama F1, iko ao haiko, (3) tarehe, sababu mbegu ya poivron inapoteza nguvu baada ya miaka miwili ao mitatu, na katika unyevu wetu ni mbele ya hapo, (4) magonjwa inayovumilia. Kama neno la ugonjwa halikuandikwa, usijidanganye kwamba linajulikana.

Ugonjwa wa kuogopa sana ni kunyauka kwa bakteria: mche wenye majani ya kijani unalegea ghafula kama umechomwa na jua, na kesho haurudi. Kwa kuuhakikisha, kata shina chini, litie katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria. Kung'oa tu, hakuna dawa. Fasi ile usirudishe poivron, pilipili, nyanya wala mbilingani, sababu zote ni ukoo mmoja. Panda mahindi. Yolo Wonder inavumilia mozaiki, lakini ugonjwa huu hapana.

6. NAMNA YA KUPANDA KWA UFUPI

Panda mbegu katika kitalu mwisho wa Septemba, chini ya kibanda cha matawi ya mchikichi, mvua isizipige. Zinaota kwa siku 8 mpaka 14. Katikati ya Novemba hamisha miche kwenye matuta ya kimo cha sentimetre 25, maji yasisimame. Acha sentimetre 50 kati ya mche na mche. Tia mbolea iliyooza vizuri na majivu kidogo ya kuni, sababu udongo wetu mwingi una uchachu. Kwa hesabu hiyo, maua yatakuja wakati mvua inapungua, na matunda kuanzia mwisho wa Januari.

Tunda la kijani ni changa tu. Likiachwa linakuwa jekundu, tamu zaidi, lenye vitamini C nyingi zaidi. Ni katika pilipili za namna hii ambapo Szent-Györgyi wa Hungaria alipata vitamini C kwa wingi, na mwaka 1937 akapewa zawadi ya Nobel. Lakini kungoja wekundu ni majuma mawili, matatu zaidi chini ya mvua. Shauri langu: nusu uchume kijani kwa soko, nusu uache kwa chakula cha nyumbani na mbegu.

7. KUTUNZA MBEGU PASIPO UONGO

Parseli zetu zimebanana. Hata ukiondoa pilipili yako, ya jirani iko, na nyuki haombi ruhusa. Fanya hivi: chagua mche mzuri usio na ugonjwa. Mbele maua hayajafunguka, funika tawi moja kwa kipande cha chandarua kilichopasuka, funga kwa uzi. Poivron inajizalisha yenyewe. Tikisa tawi kidogo kila asubuhi. Tunda likishika, ondoa chandarua, funga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na waambie watu wa nyumbani wasilichume. Likiwa jekundu kabisa, toa mbegu, zianike kivulini, ziweke katika chupa kavu pamoja na kipande cha kaa kavu. Andika jina na tarehe.

Na mbele ya kuuzisha matunda ya zamu mpya, onja mwenyewe, mti kwa mti. Mdomo wako uungue mbele ya mdomo wa mtoto wa mtu.

Hivi ndivyo nilivyofanya zamu hii. Nilipanda aina ndefu, miche 12, mbali na mabati. Tunda la kwanza nililionja mbele ya yule mama jirani, halafu nikampa la pili bure. Akalitazama muda mrefu. Akasema: "Sawa. Lakini nitaanza kuonja mimi." Akaonja. Juma lililofuata alinunua mengine kwa mama yangu. Poivron ilirudi sokoni kwa miezi michache. Neno langu lilichukua karibu mwaka.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunda la poivron lililozaliwa karibu na pilipili linaweza kuwa tamu, lakini mbegu zake zizae matunda makali?
2. Taja sababu mbili zinazofanya aina ya matunda makubwa kuwa ngumu Kisangani.
3. Alama F1 inamaanisha nini kwa mtu anayetaka kutunza mbegu?
4. Utafanya nini kujua kama mche uliolegea una bakteria ao umekosa maji tu?
5. Pima parseli yenu kwa hatua. Chora fasi za jua, za kivuli na za pilipili za jirani. Sasa sema: utapanda aina gani, na juu ya nini?

Ulizo la tano halina jibu katika gazeti hili. Kila mtu aende nyumbani akalitafute pale.

Ni mimi, kapita wenu, wa mwaka wa mwisho.