Buibui wa Majani Makavu

Mkulima, kabla hujatia moto mabua na majani makavu ya shamba lako, yafaa ujue kwanza ni nani wakaao ndani yake.

Asubuhi twaa majani makavu chini ya mgunga, uyachekeche juu ya kitambaa cheupe, kisha ungoje kidogo. Vidudu vitaanza kutembea. Tumia kijiti, si kidole, maana nge naye hupenda mahali hapo. Sasa hesabu miguu: mdudu ana 6, buibui ana 8. Papasi wa ndani ya tembe pia ana 8, naye ni jamaa ya buibui; lakini mwili wa papasi ni kipande kimoja, na wa buibui ni vipande viwili vilivyoungwa kwa kiuno chembamba. Papasi huleta homa, usimhurumie.

Buibui wa kahawia akimbiaye chini ni mwindaji. Hategi utando, huwakamata wadudu kwa mbio. Jike huburuta kifuko cha mayai nyuma yake, na watoto wakiisha kuanguliwa huwabeba mgongoni.

Wako wengine wadogo mno, milimita 1 mpaka 3. Wengi wana macho 6, na tumbo lenye magamba magumu kama ngao. Wataalamu huwaita Oonopidae. Mwaka 2006 watafiti wa nchi nyingi, wakiongozwa na Norman Platnick wa New York, walianza kuwachunguza. Aina zilizokuwa na majina zilikuwa 500 hivi; leo zimepita 1,500. Hutofautishwa kwa darubini, kwa viungo vyao vya uzazi. Huenda kitambaa chako kikawa na aina isiyo na jina bado.

Kuberega ni desturi ya zamani hapa Ugogo, na tunajua hupunguza kazi. Lakini moto huwaua wawindaji hawa, wala haumzuii adui. Nondo wa viwavijeshi huja wakiruka kutoka mbali pamoja na mvua. Hukuta shamba halina mlinzi. Basi laza mabua kwa mistari kukingama mteremko. Udongo nao utashikika. Mabua yenye funza tu ndiyo uyatoe, uwape ng'ombe au uyachome kando.

Kwelea kwelea buibui hawamwezi. Kuamia mtama bado ni kazi yako.