SOMO LA MWEZI: MWENYE KISUKARI NA KUPUNGUZA UZITO WA MWILI



Walimu wa Injili huulizwa mara kwa mara neno hili: “Daktari ameniambia nipunguze uzito kwa sababu ya kisukari. Je, yanipasa kufunga?” Basi, twataka kujifunza jambo hili, kwa maana afanyaye bila maarifa aweza kupoteza uhai wake.

Twamkumbuka mzee mmoja wa usharika wetu. Wakati wa Kwaresima aliazimu kufunga, apate na kupunguza unene. Asubuhi alijipiga sindano ya insulini kama desturi yake, wala hakula kitu. Katikati ya ibada akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akanena maneno yasiyoeleweka. Wengine walinong’ona ya kuwa ni pepo. Lakini muuguzi aliyeketi karibu akampa maji yenye sukari, na baada ya robo saa akarudiwa na akili zake. Hakuwa na pepo, ila sukari ya damu yake ilikuwa imeshuka mno.

Neno la kwanza: asianze pasipo daktari. Insulini hushusha sukari, na vidonge vingine, kama glibenklamidi, huufanya mwili utoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Chakula kikipungua na dawa isipunguzwe, hatari ni kubwa. Daktari ndiye apangaye kipimo kipya.

Neno la pili: asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Insulini ilitumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza Januari 1922, mjini Toronto, kwa kijana wa miaka 14. Kabla ya hapo watoto wenye kisukari walipewa chakula kidogo mno ili siku zao ziongezeke kidogo. Walikonda sana, kisha wakafa. Hata leo mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha insulini aweza kufa katika siku chache. Naye akondaye bila kukusudia, huku ana kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, asifurahi: aende hospitali upesi.

Neno la tatu: aende polepole. Nusu kilo hata kilo moja kwa juma yatosha. Mgonjwa wa aina ya pili mwenye kilo 90, akipunguza kilo 5 hata 9, kwa kawaida huona sukari na shinikizo la damu vikishuka. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharagwe au samaki. Chai inywewe bila sukari, na soda iachwe. Atembee dakika 30, siku 5 za juma, akiwa na viatu, na jioni aichunguze miguu yake asije akawa na jeraha asilolisikia.

Neno la nne: atumiaye dawa za kushusha sukari achukue sukari mfukoni. Akitetemeka, anywe maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, angoje dakika 15, kisha ale. Akizimia, asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali mara moja.

Na kufunga je? Katika kifungu cha kwanza cha Imani, Katekisimo Ndogo ya Luther yatufundisha ya kuwa mwili na viungo vyetu ni vipawa vya Muumba. Mgonjwa aliyekatazwa kukaa na njaa hakupungukiwa na imani. Na ajinyime neno jingine, kama vile masengenyo au anasa, akampe maskini alichokiweka. Nasi tusimwonee haya alapo saa yake, hata kanisani.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini mzee yule alianguka katika hatari?
2. Ni nani katika usharika wetu apasaye kuonywa kabla ya Kwaresima ijayo?
3. Tutawezaje kumsaidia mgonjwa bila kumwaibisha?

Bwana awape afya na hekima.