Kwa Nini Maji ya Matope Hayatulii, na Shabu Hufanya Nini

Mvua ikinyesha sana bara, Mto Sabaki hufika baharini karibu na Malindi ukiwa na rangi ya kahawia. Mkazi anayeteka maji ya mto wakati huo huyaacha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi hukuta mchanga umeshuka, lakini maji bado yanafanana na chai ya maziwa.

Kinachobaki ni chembe za udongo wa mfinyanzi. Chembe yenye upana wa elfu moja ya milimita huteremka takriban sentimita 8 kwa siku, hivyo ndoo yenye kina cha sentimita 30 huhitaji karibu siku nne. Ikiwa ndogo mara kumi zaidi, mwendo wake hupungua mara mia. Nazo hazishikani zikawa nzito, kwa sababu zote zina chaji hasi na husukumana.

Shabu ikiyeyuka hutoa alumini yenye chaji chanya, ambayo hupoza msukumano huo. Chembe zikigongana sasa hunatana na kuwa mabonge yanayozama. Chumvi ya bahari hufanya kazi kama hiyo pale mto unapokutana na maji ya chumvi.

Migongano hiyo ni mingi na midogo mno kufuatiliwa kwa macho, ndipo kompyuta ikatumika. Mwaka 1983, Paul Meakin nchini Marekani, na Max Kolb, Robert Botet na Rémi Jullien nchini Ufaransa, walichapisha programu zenye kanuni rahisi ajabu: tawanya chembe, ziache zitangetange, zikigusana zigande, kisha kundi nalo lizurure hadi likutane na jingine. Mtu angetarajia kupata mipira. Kompyuta ilichora vichaka, yaani matawi membamba yenye nafasi tupu nyingi katikati. Katika programu ambazo chembe hugusana mara nyingi kabla ya kuganda, mabonge hutoka yakiwa yameshikamana zaidi, kwani chembe hupata nafasi ya kupenya ndani.

Bonge la matawi ni jepesi na huvunjika upesi. Ndiyo maana kwenye mitambo ya maji shabu hukorogwa kwa kasi kwa muda mfupi ili ienee, kisha polepole kwa dakika nyingi. Nyumbani ni vivyo hivyo: anayeendelea kukoroga kwa nguvu baada ya mabonge kuonekana huyavunja tena. Kuongeza shabu kupita kiasi nako hakusaidii, kwa kuwa chembe huweza kupata chaji chanya zikaanza kusukumana upya. Mafundi hujaribu kwanza vipimo tofauti kwenye bilauri kadhaa, maana matope ya leo si ya jana.

Maji yakitulia, chota ya juu bila kutibua mashapo. Yatakuwa maangavu, lakini bado yanaweza kuwa na vijidudu. Klorini huwekwa wakati huu, si kabla, kwa sababu matope huitumia kabla haijawafikia vijidudu. Asiye na klorini ayachemshe mpaka yatokote.