SOMO LA MWEZI: KISIKI KILICHONG'OLEWA KINAWEZA KUSHIKA TENA

Kusoma nyumbani: Ayubu 14:7-9, Yeremia 29:4-7



Mwezi huu tunajifunza kazi ya mikono: jinsi ya kuchimba kisiki cha mti mzee, kukifanya kichipue, kukipa sura, na mwishowe kukipanda katika chombo cha kina kifupi. Wajapani huiita bonsai, maana yake mmea uliopandwa kwenye sinia. Asili yake ni China, ambako miti midogo imeoteshwa vyomboni kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tumechagua somo hili kwa sababu hapa Dzaleka wengi wetu hatuna shamba, lakini chombo kimoja kinaenea mlangoni. Tena sisi wenyewe ni watu tuliong'olewa, na kazi hii imetufundisha jambo ambalo tungependa kila familia ilisikie.

KOSA LETU LA KWANZA

Mti wetu wa kwanza tuliuua wenyewe. Ulikuwa mpera mzee wenye shina nene lililopinda vizuri. Kwa siku moja tuliuchimba, tukakata mizizi, tukakata matawi, tukauzungushia waya na kuupanda katika beseni fupi. Tulitaka kuupeleka soko la Tsoka, Lilongwe, kabla ya Krismasi, na vijana walikuwa wameshapiga hesabu ya karo. Baada ya wiki tatu ukatoa majani mabichi. Tulishangilia! Baada ya wiki sita majani yakanyauka. Tulipokwaruza gome, ndani palikuwa pakavu.

Baadaye tulielewa. Majani yale hayakutoka kwa nguvu ya mizizi. Shina la mti huweka akiba ya chakula, na kisiki kinaweza kuchipua kwa akiba hiyo hata kama chini hakuna mzizi hai. Akiba ikiisha, mti hufa. Basi ndugu, jani la kwanza si ushahidi kwamba mti umeshika.

HATUA YA 1: MTI NA RUHUSA

Mara ya pili tulichagua mti ambao Wamalawi huuita kachere. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda wanaujua kwa jina la umuvumu, uliopandwa zamani kwenye maboma ya wafalme. Waganda huuita mutuba, nao hutengeneza nguo kwa gome lake. Mti huu husamehe makosa: tawi nene likichomekwa ardhini huota, na mizizi yake huvumilia kukatwa. Utomvu wake mweupe usiingie machoni.

Usichimbe mti wowote bila ruhusa. Msitu wa hifadhi usiguse kabisa. Kisiki chetu kilikuwa kwenye shamba la mzee mmoja wa kijiji jirani, naye alikuwa amekipangia tanuru la makaa. Tulimwendea pamoja na mfumu wa kijiji. Mzee alicheka, akasema, "Mnataka kuotesha kuni?" Tukamwambia, "Agogo, tukishindwa tutakurudishia kuni zako." Tulimlimia matuta kwa siku mbili, akatupa.

HATUA YA 2: KUCHIMBA

Wakati mzuri ni Oktoba hadi Novemba, joto limeingia na mvua ziko karibu. Usichimbe katika baridi ya Juni na Julai, mti umelala.

Kata matawi marefu kwa msumeno. Chimba mfereji kuzunguka shina, mbali kidogo nalo, kisha ingia chini taratibu. Mzizi mkuu unaoshuka chini ukate. Vizizi vyembamba vilivyo karibu na shina vitunze, maana ndivyo vinavyokunywa maji. Funga mizizi kwa gunia lililoloweshwa, usiiache juani hata wakati wa kupumzika.

HATUA YA 3: SANDUKU LA KWANZA

Usiupande kwenye sinia bado. Tengeneza sanduku la mbao lenye nafasi na matundu chini. Udongo wa bustani peke yake hugandamana na kuozesha mizizi, kwa hiyo sisi tulichanganya mchanga mkubwa wa mtoni, matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi, na mboji iliyooza vizuri kiasi kidogo.

Ufunge mti kwenye sanduku kwa kamba usitikisike. Jambo hili dogo huokoa miti mingi, kwa sababu shina likiyumba kwa upepo vizizi vipya hukatika kila siku. Weka kivulini, nyunyizia maji, usiweke mbolea kali. Wala usiuvute kuangalia kama umeshika! Watoto wetu walikatazwa mara nyingi. Watu wazima walikatazwa zaidi.

Kisha ngoja mwaka mzima. Machipukizi yakirefuka na kuendelea kurefuka mvua hadi mvua, hapo mizizi ipo.

HATUA YA 4: KUUPA SURA

Zungusha sanduku polepole na utafute upande wa mbele, pale ambapo mizizi ya juu imeshika ardhi vizuri na shina linaonekana. Shina la mzee halipindiki tena. Kovu lake na kona yake ni historia yake, vikubali. Kinachopindika ni machipukizi. Chagua machache yaliyokaa pande tofauti, la chini liwe nene kuliko ya juu, mengine ondoa.

Waya wa shaba au alumini unapatikana Tsoka kwa wauza vyuma chakavu, kwa mwenye kibali cha kutoka. Usinunue waya usiojulikana ulikotoka, usije ukawa umekatwa kwenye nguzo za umeme. Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Uzungushie kwa mshazari, pinda kidogo kidogo, na wakati wa mvua ukague kila wiki. Ukianza kuingia kwenye gome, ukate vipande vipande, usiufungue kwa kuzungusha.

HATUA YA 5: KWENYE SINIA

Acha msimu mwingine upite. Oktoba ikirudi, funika matundu ya chombo kwa wavu, pitisha waya wa kufungia, weka kilima kidogo cha mchanganyiko. Chambua mizizi kwa kijiti na usiondoe zaidi ya theluthi yake. Kaza mti kwa waya, jaza mchanganyiko kati ya mizizi kwa kijiti pasibaki uwazi, mwagilia mpaka maji ya chini yatoke masafi. Weka kivulini wiki tatu. Siku hiyo usikate tawi wala kupinda chochote. Kazi moja kwa msimu mmoja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Hatuwaahidi kwamba mti huu utalipa karo. Wetu una miaka minne, uko mlangoni mwa kanisa, na mzee wa kuni huja kuutazama.

Katika bustani ya taifa ya miti huko Washington, Marekani, uko msonobari mdogo ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa nyumbani kwa familia ya Yamaki mjini Hiroshima, kama kilomita tatu kutoka bomu la atomiki lilipoanguka, nao ukapona. Mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa nchi iliyolidondosha bomu lile. Habari za kupona kwake zilijulikana huko mwaka 2001, wajukuu wake walipokuja kuuona.

Ndugu, tangu 1994 kambi hii imepokea wageni. Mwaka 2023 tulipokea pia wenzetu waliorudishwa kutoka mijini, wakiacha maduka na shule. Wengi walitabasamu Jumapili ya kwanza, nasi tukasema, "Wameshazoea." Lile lilikuwa jani la akiba. Tukawapa kazi za kwaya na michango kabla hawajapata paa lisiloyumba. Wengine wakanyamaza, wakaacha kuja. Tuwaombe radhi, tuwatembelee.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani jirani yetu ana majani lakini bado hana mizizi?
2. Ni kitu gani kinamyumbisha, nasi tunaweza kukifunga vipi?
3. Sisi wenyewe tumepewa muda wa kutosha? Tumewapa watoto wetu?

Mungu awabariki.