Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Somo letu la mara hii limetokana na neno lililosemwa mbele yetu katika msikiti mmoja wa pande hizi za Nyanza ya Kusini. Imamu alikuwa safarini, na kijana mmoja aliyehifadhi sehemu kubwa ya Kurani akasogezwa mbele na wenzake asalishe. Kijana huyo ni Mjaluo, na babu yake hakuwa Mwislamu. Kabla ya kukimiwa Sala, mzee mmoja akasema: "Huyu dini ameipata jana. Wako wenyewe." Kijana akarudi safu ya nyuma, akasalisha mtu asiyejua kuitamka Alhamdu sawasawa. Hapana aliyenena kitu, na sisi tulikuwamo katika hao walionyamaza. Kwa hiyo twaandika somo hili kwanza kwa kuzilaumu nafsi zetu, kisha kwa kuwakumbusha wenzetu.

Basi twauliza: hao "wenyewe" ni nani? Nani katika Migori na Homa Bay awezaye kusema kwamba hakuja, bali alikuwako tangu mwanzo?

WALIOTANGULIA

Katika kaunti ya Migori liko boma la kale liitwalo Thimlich Ohinga. Kuta zake zimejengwa kwa mawe matupu, pasina udongo wala chokaa, na mahali pengine kimo chake chapita mita 4. Wataalamu wakadiria kwamba zilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ililitia boma hilo katika urithi wa dunia. Walioliinua kwanza sio waliolikaa mwisho. Watu walihama, wengine wakaja, na kila waliokuja walizitengeneza kuta walizozikuta, wakaishi ndani yake.

Wajaluo, ambao leo ndio wengi katika kaunti hizi mbili, asili yao ni pande za Bahr el Ghazal katika Sudani ya Kusini. Walishuka polepole kwa vizazi vingi, wakipitia Uganda, hata wakafika Nyanza. Kisha makundi yao yakavuka Ghuba ya Winam yakaingia kusini, na huko wakawakuta watu wa lugha za Kibantu. Abasuba wa Rusinga na Mfangano nao wana mapokeo yao kwamba wazee wao walikuja kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga, wengi wao wakikimbia fitina za ufalme katika karne ya 18. Leo Abasuba wengi wasema Kijaluo, na Kisuba kimebaki zaidi kwa wazee, khasa wa Mfangano. Basi wako watu waliohama nchi, na wako waliohama lugha hali wamekaa pale pale.

MPAKA NA RELI

Wakati mwingine si mtu ahamaye, bali ni mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mstari wa kuzigawa nchi hizi, na mstari huo ukapita katikati ya Wakuria. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa chini ya bendera mbili. Tena mpaka mwaka 1902 Nyanza yote ilihisabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda, na mwaka huo ikatiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hapana mtu aliyehamisha hata chungu chake, walakini nchi yake ilibadilika jina.

Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Kwa njia ya reli na meli za ziwani walikuja wafanya biashara wa Kihindi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakafungua maduka Kendu Bay, Homa Bay na masoko ya ndani. Wanubi, ambao wazee wao ni askari wa Kisudani waliochukuliwa na Lugard karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, walipewa makazi penye vituo vya serikali, kama Kisumu na Kisii. Waswahili na Waarabu wa misafara walikuwa wamekwisha fika Mumias katika karne ya 19, na Nabongo Mumia akasilimu. Wakaja na Wasomali kwa biashara ya mifugo.

Njia iliyowaleta hao ndiyo iliyowachukua vijana wa Nyanza kwenda nje. Kodi ilitaka fedha, na fedha ilikuwako kwenye bandari ya Mombasa, mashamba ya chai ya Kericho na mashamba ya mkonge. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwa kuwa baba yake alikuwa akifanya kazi huko katika shamba la mkonge. Na katika waliokwenda mbali wako waliorudi na dini. Hussein Onyango Obama, mzaliwa wa pande za Kendu Bay, alikuwa mmoja katika waliosilimu zama zile, na mjukuu wake Barack akawa Rais wa Marekani mwaka 2009.

Basi tufahamu vyema: Uislamu wa Migori na Homa Bay wote ulikuja kwa safari. Kwa mmoja ulipitia Sudani, kwa mwingine Bara Hindi, kwa mwingine pwani. Na kila mmoja katika hao, akihisabu nyuma babu kwa babu, atamfikia babu ambaye hakuwa Mwislamu. Tofauti iliyoko ni ya miaka tu, na kutangulia miaka si ucha Mungu.

ATHARI ILIYOBAKI

Neno hili la "mwenyeji" na "mgeni" halikuanza msikitini, wala sisi Waislamu si wageni wa machungu yake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wasiokuwa raia walipewa miaka miwili waombe uraia. Mwaka 1967 zikatoka sheria za uhamiaji na za leseni za biashara; Wahindi wengi wasiokuwa raia wakaona mlango wa riziki umefungwa, wakaondoka kwenda Uingereza, nayo Uingereza ikafunga mlango wake kwa sheria ya mwaka 1968. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo serikali ilipowatangaza Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi.

Wanubi nao walikaa Kenya zaidi ya karne moja, na bado watoto wao walipata taabu ya kutambuliwa kuwa raia. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayoangalia haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya iliwavunjia watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika Kenya, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, katika Nyanza pia, kwa hoja hiyo hiyo: rudini kwenu. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila raia haki ya kukaa popote katika nchi. Hata hivyo sheria haiwezi kuyatoa yaliyomo nyoyoni.

Sasa tutazame ajabu. Mtu ambaye babu yake aliambiwa "wewe si wa hapa" afisini na sokoni, yeye aja kumwambia mwenziwe "wewe si wa hapa" katika nyumba ya Mwenyezi Mungu.

DINI YASEMAJE?

Kurani Tukufu, katika Sura ya Hujurat, yatufunza kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule amchaye zaidi. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alihama Makka mwaka 622, akapokewa Madina, akawafanya Muhajirina na Ansari kuwa ndugu. Na hao Ansari, Aus na Khazraji, wanahistoria wa Kiarabu wasema kwamba asili yao ni Yemen. Wenyeji wa Madina nao walikuwa wamehamia.

Kabla Mtume hajafika, Muhajirina wa kwanza walikuwa wakisali pande za Kuba. Aliyekuwa akiwasalisha ni Salim, mtumwa aliyeachwa huru na asiyekuwa Mwarabu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na Kurani nyingi kuwapita wao. Nyuma yake walisimama wakubwa wa Kikureshi. Na Abubakar Sadiki alisilimu hali baba yake bado. Mzee Abu Kuhafa alisilimu Makka ilipofunguliwa. Kama dini ingalikuwa ya kurithi, masahaba wangepata wapi nafasi ya mbele?

Huenda mtu akasema: wazee wetu ndio waliotoa kiwanja na kujenga msikiti. Twasema: kweli, na ujira wao uko kwa Mola wao, nasi twawaombea. Walakini kilichofanywa wakfu kimetoka mkononi mwa mtu. Aliyejenga hakuwarithisha wanawe mihirabu, bali aliwaachia kazi ya kuitunza, kama wale waliozikuta kuta za Thimlich wakazitengeneza.

YATUPASAYO

Kwanza, asalishe ajuaye, awe wa kabila lolote. Pili, katika kamati za misikiti na madrasa wawemo waliosilimu karibuni pamoja na wazee wa zamani. Tatu, mchumba mwenye dini na tabia njema asirudishwe kwa sababu ya kabila lake. Nne, watoto na waliosilimu wafunzwe maana ya dini kwa lugha waifahamuyo, Kijaluo au Kiswahili, wasiachiwe kukariri tu. Tano, kila mzee aandike au asimulie habari ya safari ya ukoo wake, ili vijana wajue kwamba sote tumefikia hapa.

Sisi wa darasa tulikwenda nyumbani kwa kijana yule kumtaka radhi. Alitupokea kwa chai, akatusamehe. Lakini mpaka tunapoandika haya, akija Sala husimama safu ya mwisho karibu na mlango, na tukimwita mbele hutikisa kichwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Nani wa kwanza kusilimu katika ukoo wako, na alifikiwa na dini kwa njia ya nani?

2. Ni neno gani lisemwalo msikitini kwako limfanyalo Mwislamu ajione mgeni?

3. Lau ungalikuwako siku ile, ungalisema nini?

Wabillahi tawfiki.