Kipuri Kisichotengenezwa Tena: Somo kwa Wenye Altezza na Magari Mengine Makongwe, Bukoba na Muleba

Toyota ilianza kuuza Altezza nchini Japani mwaka 1998, na mwaka 2005 ikaacha kuitengeneza. Lilikuwa gari la milango minne lenye roho ya mbio, na katika msimu wa 1998 hadi 1999 lilishinda tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo. Hata lile la mwisho kutoka kiwandani sasa ni kongwe. Hata hivyo, magari haya bado yapo barabarani, na vijana wanayapenda. Wenye magari hayo katika mkoa wa Kagera hukutana na jibu moja kila waingiapo dukani: "Hiyo haitengenezwi tena."

Somo hili linahusu jibu hilo. Tunaomba mlaji asilipokee kabla ya kulipima, kwa kuwa mara nyingi fedha hupotea pale mnunuzi anapoliamini haraka, akakata tamaa, kisha akatuma malipo mbali kwa yeyote anayedai kuwa anacho.

Maneno "haitengenezwi tena" yanaweza kubeba maana tatu zilizo mbali. Ya kwanza ni kwamba muuzaji hana kipuri hicho rafuni, na haoni faida ya kukiagiza kwa mteja mmoja. Ya pili ni kwamba nambari ya kipuri imebadilishwa: kiwanda kilikiboresha au kilikiunganisha na cha gari jingine, hivyo nambari ya zamani imekufa ilhali kitu chenyewe kipo chini ya nambari mpya. Ya tatu ndiyo ya kweli kabisa: kiwanda kimesimamisha uzalishaji na akiba imekwisha. Mlaji hawezi kujua yuko katika hali ipi bila kuwa na nambari mkononi.

Kwa hiyo, anza na gari lenyewe. Fungua boneti usome kibati cha utambulisho. Nambari ya fremu inayoanza na GXE10 huonyesha Altezza ya silinda sita yenye injini ya 1G-FE. Inayoanza na SXE10 huonyesha ile ya silinda nne yenye injini ya 3S-GE. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Injini ya 1G-FE ya miaka ile ilitumika pia katika Mark II GX110 na Verossa, kwa hiyo mengi ya mahitaji yake ya kawaida hupatikana kwa kutafuta vipuri vya magari hayo. Injini ya 3S-GE iliyofungwa katika Altezza ilikuwa toleo la pekee. Mwenye SXE10 ajiandae kwa msako mrefu zaidi, na kama bado hajanunua gari, alitafakari jambo hilo kabla ya kuvutiwa na kasi yake.

Kisha soma kipuri chenyewe. Nambari za vipuri vya Toyota kwa kawaida zina sehemu mbili zilizotenganishwa kwa kistari. Tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri: 48510 ni shokapu ya mbele kulia, na 48520 ni ya mbele kushoto. Sehemu ya pili huonyesha ni ya gari lipi hasa. Mwambie fundi asitupe kipuri kilichochakaa. Kioshe, kipige picha pande zote, na upime urefu wake. Kipuri kibovu kilichohifadhiwa ndicho shahidi wako wa kwanza, na ni cha bei rahisi kuliko ushauri wowote wa mtaani.

Jambo jingine linalosaidia ni jina la pili la gari. Altezza iliuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS200 na Marekani kwa jina la Lexus IS300, ingawa hiyo ya Marekani ilikuwa na injini nyingine. Kwa kuwa magari hayo yaliuzwa katika masoko makubwa, viwanda vingine vimeendelea kutengeneza sehemu zake za miguu na breki. Muuzaji asiyejua neno Altezza anaweza kuijua IS200. Sehemu zinazotoweka mapema zaidi huwa ni mapambo ya ndani, vitambaa vya viti, vifungio vidogo vya plastiki na vioo vya taa, kwa sababu havina gari jingine la kuvitumia. Toyota yenyewe, kuanzia mwaka 2020, imerudia kutengeneza baadhi ya vipuri vya magari yake ya kale ya mbio kama Supra, na baadaye AE86. Mwenye Altezza asijengee matumaini yake hapo.

Sasa tuchukue mfano. Mwalimu anayeishi Muleba anasikia mgongo wa chuma gurudumu la mbele anaposhuka kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe. Fundi anamwambia boli jointi ya chini imekwisha. Dukani Bukoba anaambiwa haitengenezwi tena. Mbele yake kuna njia nne: kumwachia fundi aichomelee ile ya zamani, kununua iliyotumika, kuagiza Gerezani au Kariakoo jijini Dar es Salaam, au kuvuka Mutukula hadi Kampala, katika soko la Kisekka.

Njia ya kwanza tunaikataa bila kusita. Boli jointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hautii tena. Katika mteremko kama ule hakuna nafasi ya kosa la pili. Bushi ya mpira inaweza kuchongwa na fundi mwenye mashine na ikafaa kwa muda, na hasara yake mara nyingi huwa ni kelele na matairi kulika vibaya. Boli jointi, mikono ya usukani, pedi na mabomba ya breki, mikanda ya usalama na mkanda wa taimingi ni vitu vya kununua vipya tu. Kipuri kilichotumika ambacho umri wake haujulikani kinaweza kuwa kimechoka kuliko kile unachokitoa. Boneti, milango, vitasa, viti na taa zilizotumika hazina tatizo hilo, na kwa gari kongwe mara nyingi ndizo pekee zilizobaki.

Hata hivyo taa zina onyo lake, nalo linawahusu hasa watu wa Kagera. Rwanda na Burundi, majirani zetu, huendesha kwa upande wa kulia. Taa kubwa ya mbele iliyotoka katika gari la huko, au katika IS300 ya Marekani, humulika kuelekea kulia. Ukiifunga hapa itampofusha dereva unayepishana naye, hata kama inaingia vizuri kabisa mahali pake. Uganda huendesha kushoto kama sisi, hivyo taa za huko hazina kasoro hiyo. Kagua pia kama taa au kioo cha pembeni kimechorwa nambari ya usajili ya gari jingine. Wenye magari wengi huchora nambari hizo ili kuwazuia wezi. Ukikutana na alama hiyo, au dalili kwamba imesuguliwa, uliza kitu kimetoka wapi, na usiporidhika ondoka. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na unafuu wa bei hautakuwa utetezi.

Tumrudie mwalimu wetu. Akiagiza Dar es Salaam kwa simu, hatakiona kipuri mpaka basi lifike Bukoba. Hapo ndipo maneno yake ya mwanzo yanapokuwa na thamani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka muuzaji atoe kitu kinacholingana na maelezo yaliyotumika kukiuza. Tena, mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kitu anachokihitaji na kazi yake, akautegemea ujuzi wake, kitu hicho hupaswa kuifaa kazi hiyo. Mnunuzi aliyesema tu "nitumie boli jointi ya Altezza" ameeleza nusu ya haja yake. Aandike hivi: "Nahitaji boli jointi ya chini, mbele kushoto, mpya, kwa Altezza GXE10, nambari hii niliyoipiga picha. Je, unayo, imetengenezwa na nani, na ikiwa hailingani nitairudisha kwa gharama ya nani?" Jibu alihifadhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi, lakini ujumbe uliofutwa hauna faida.

Malipo yafanyike kwa jina la duka, si kwa nambari binafsi ya mtu aliyetajwa na mtu mwingine. Pale muuzaji anapokubali, lipa sehemu kwanza na umalizie baada ya kupata picha ya kipuri kilichofungwa pamoja na stakabadhi ya mzigo wa basi. Dai risiti ya EFD yenye kutaja kipuri. Risiti iliyoandikwa "spea" tupu haithibitishi kitu. Mzigo ukifika, ulinganishe na kile kibovu kabla ya fundi kuugusa. Kipuri kikishafungwa na kupakwa grisi, ubishi juu ya nani aliyekiharibu huwa mgumu.

Kwa kipuri kilichotumika, ukaguzi una uzito wa namna nyingine. Mnunuzi aliyekikagua kitu kabla ya kukinunua hawezi kwa urahisi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Nenda na fundi wako, si fundi aliyeketi mlangoni mwa duka. Na bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe: halifuti wajibu wa muuzaji wa kutoa kitu alichokieleza.

Kampala inavutia kwa ukaribu wake na wingi wa vipuri, nasi hatumzuii mtu kwenda. Ajue tu kwamba atangaze mzigo wake forodhani Mutukula na kupewa stakabadhi, na kwamba muuzaji wa Kisekka si rahisi kumfikia kwa sheria zetu akirudi nyumbani na kitu kisichofaa. Anayenunua huko anunue kwa macho yake, kibovu kikiwa mkononi, na alinganishe papo hapo sokoni.

Mambo yakiharibika, mwandikie muuzaji kwanza, ukitaja tarehe, nambari ya kipuri na unachotaka: kubadilishiwa au kurejeshewa fedha. Mpe siku za kujibu. Asipojibu, au ikiwa kipuri ni bandia kilichobandikwa nembo ya kiwanda, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo husimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na pia Sheria ya Alama za Bidhaa. Ambatisha risiti, ujumbe na picha. Vipuri vyote viwili, kile kibovu na kile ulichouziwa, vihifadhi mpaka shauri liishe. Na kama ni boli jointi, gari lisitembee mpaka mpya ifungwe.