Urithi wa Baba wa Watoto Watano

Huulizwa mara kwa mara: je, mtu mwenye watoto wadogo aweza kwa haki kuitoa roho yake kwa ajili ya nchi? Na tumtazame Honoré d'Estienne d'Orves, Mfaransa, Mkatoliki, afisa wa manowari na baba wa watoto watano.

Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani mwaka 1940, yeye alikuwa bandarini Aleksandria, nchini Misri. Hakukubali kushindwa, akaenda London kwa Jenerali de Gaulle. Mnamo Desemba akavuka bahari usiku katika chombo cha wavuvi, akashuka pwani ya Bretagne, akaingia mji wa Nantes kwa jina lisilo lake. Siku ya Noeli simu yake ya upepo ikasikika London. Lakini fundi wa mtambo ule, kijana aliyesafiri naye chombo kimoja, ndiye aliyemwuza kwa adui. Januari 1941 alikuwa kifungoni.

Kwa hesabu ya vita, kazi ya mwezi mmoja ni haba. Wala hatuthubutu kusema kwamba wale watoto hawakupotewa na kitu. Walipotewa na baba. Tarehe 29 Agosti 1941 alipigwa risasi huko Mont-Valérien, karibu na Paris, pamoja na wenzake wawili, Maurice Barlier na Jan Doornik. Alikuwa na miaka 40. Lakini kutoka gerezani aliwaandikia jamaa zake asiwepo hata mmoja wa kufikiri kumlipizia kisasi.